Nyumba ya Babe na Mgiriki Mlizi

Januari 1938, kwenye viwanja vya gofu vya Griffith Park mjini Los Angeles, wapiga picha wa magazeti walimwomba mwanamume mwenye uzito wa kilo 107 ampige kabali mwanamke ambaye ndiyo kwanza wamejuana. Mwanamume alikuwa George Zaharias, mpiga mieleka wa kulipwa. Mwanamke alikuwa Mildred Didrikson, bingwa wa Olimpiki, ambaye Marekani nzima ilimwita Babe. Mashindano yalikuwa ya wanaume, naye Babe aliingia kwa kuwa hapakuwa na kanuni ya kumzuia. Waandaaji wakampanga kundi moja na mpiga mieleka na mchungaji wa kanisa. Wapiga picha waliona neema imewashukia. George akazungusha mkono, kamera zikalia. Babe hakufuzu kuendelea na mashindano yale, lakini kabla mwaka haujaisha alikuwa mke wa George.

Nimeisoma habari ya ndoa hii mara nyingi, na kila mara ninachokitafuta si medali. Medali zinajulikana. Ninachotaka kujua ni nani alifunga mizigo, nani alibaki nyumbani mwenzake akiwa safarini, na ugonjwa ulipobisha hodi, nani alikaa kitandani pa mgonjwa usiku kucha. Huko ndiko ninakowaona wawili hawa wakiwa watu, si majina ya magazetini.

Babe alizaliwa 1911 Port Arthur, Texas, mtoto wa sita kati ya saba wa wahamiaji kutoka Norway. Alikulia Beaumont. Baba yake, Ole, alikuwa seremala aliyewahi kufanya kazi melini; mama yake, Hannah, alifulia watu nguo, na watoto walimsaidia. Nyumba haikuwa na fedha ila haikukosa akili. Ole aliwatengenezea wanawe mahali pa mazoezi uani. Chuma cha kunyanyulia kilikuwa mpini wa ufagio, na kila ncha imefungwa pasi za chuma za mama. Nikifikiria zile pasi naona picha nzima ya familia: mchana zinanyoosha nguo za watu, jioni zinajenga mikono ya mtoto.

Barabarani kwao kulikuwa na michongoma mbele ya kila nyumba, na Babe aliifanya kuwa viunzi. Michongoma ya jirani mmoja ilikuwa mirefu kupita mingine, ikimharibia mwendo. Akaenda kumwomba mwenye nyumba aipunguze, na mwenye nyumba akaipunguza. Kwa kuwa michongoma ilikuwa mipana na yenye kukwaruza, alijizoeza kukunja goti la mguu wa mbele anaporuka, mtindo ambao walimu wa baadaye walimkuta nao. Katikati ya hayo alifanya kazi ya kushona magunia ya viazi kwa senti moja kila gunia, na sehemu kubwa ya alichopata alimpa mama yake. Ushonaji haukumtoka tena maishani. Hata alipokuwa maarufu alijishonea nguo mwenyewe.

Mwaka 1932, huko Evanston, Illinois, aliingia kwenye mashindano ya taifa ya wanawake akiwa timu nzima peke yake, kwa niaba ya kampuni ya bima iliyomwajiri Dallas. Alipata pointi 30. Timu ya pili, yenye wanariadha 22, ilipata pointi 22. Wiki chache baadaye, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, alitwaa dhahabu ya mkuki, dhahabu ya kuruka viunzi mita 80, na fedha ya kuruka juu. Wanawake waliruhusiwa michezo mitatu tu kila mmoja. Nasema hivi bila kusita: wangemwachia milango wazi, angerudi nyumbani na mzigo.

Sasa George. Jina lake la kuzaliwa ni Theodore Vetoyanis, mtoto wa Wagiriki wa Pueblo, Colorado, mji wa viwanda vya chuma. Ulingoni aliitwa Mgiriki Mlizi wa Cripple Creek. Cripple Creek hakukuwa kwao. Ni mji mwingine wa Colorado, wa machimbo ya dhahabu, uliochaguliwa kwa sababu jina lake kwa Kiingereza linapendeza sikioni likifuatana na lile neno la Mgiriki. Kazi yake ilikuwa kuwa mtu mbaya. Katika mieleka ya maonyesho lazima awepo wa kupendwa na wa kuzomewa, na anayezomewa ndiye anayeuza tiketi, maana watu hulipa wapate kumwona akiadhibiwa. George alimtesa mwenzake kwa hila zote, na kibao kilipogeuka alipiga magoti, akakunja mikono, akaomba huruma huku analia. Ukumbi ulikuwa unawaka. Machozi yale yalimpa nyumba, gari na suti nzuri, na ndugu zake nao wakaingia katika kazi hiyo hiyo.

Walichumbiana kwa shida, kwa sababu ya ratiba. George ana pambano mji huu, Babe ana maonyesho ya gofu mji ule. Harusi iliahirishwa mara kadhaa mpaka George akaweka mguu chini: ama waoane wiki hiyo, ama waachane na habari yenyewe. Walifunga ndoa Desemba 23, 1938, mjini St. Louis, nyumbani kwa promota wa mieleka Tom Packs. Mimi huona maana kubwa katika jambo hilo. Hawakuwa na nyumba yao ya kuwakusanyia wageni, basi ndoa ikaanzia sebuleni kwa mtu wa kazi. Fungate lenyewe likangoja hadi 1939, na lilipofika likawa safari ya Australia iliyojaa maonyesho ya gofu. Hata asali yao ilichovywa kazini.

Jambo ambalo George hapewi haki yake ni hili linalofuata. Babe alikuwa amehesabiwa mchezaji wa kulipwa, na wanawake wa kulipwa katika gofu hawakuwa na mashindano ya maana wakati ule. Karibu mashindano yote makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Ili arudishwe katika ridhaa ilimpasa akae miaka mitatu bila kupokea hata senti moja ya michezo. Mwanamke aliyekuwa akijilisha na kulisha kwao kwa mikono yake alihitaji mtu wa kubeba nyumba nzima kwa miaka hiyo, na George akaibeba kwa kazi yake ya kulia ulingoni. Babe aliomba mwanzoni mwa 1940. Akarudishiwa hadhi yake Januari 1943.

Miaka hiyo ya kungoja ndiyo miaka yao ya nyumbani hasa, mjini Los Angeles. Babe hakuweza kukaa bure. Alijifunza tenisi, akapiga mipira mpaka viatu vikatoboka soli, kisha wenye tenisi wakamwambia naye huko hana sifa za ridhaa. Akaiacha raketi, akashika bolingi. Alipika, akashona, akapanda maua. Wapo waandishi waliomtania kwamba ameanza kuwa mwanamke kwa kuolewa. Hawakujua kwamba aliyeshona magunia utotoni hahitaji kufundishwa sindano na mtu wa gazeti.

Juni 1945, akiwa Indianapolis katikati ya mashindano, alipata habari kwamba mama yake amefariki. Ilikuwa wakati wa vita na usafiri wa ndege haukupatikana. Dada yake akamwambia abaki acheze, amshindie mama. Alicheza, akashinda, usiku akakaa anapiga kinanda chake cha mdomo.

Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Marekani wa wanawake wa ridhaa, na 1947 akavuka bahari peke yake kwenda Gullane, Scotland, kwenye mashindano ya Uingereza ambayo hakuna Mmarekani aliyewahi kuyashinda upande wa wanawake. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutengana kwa muda mrefu namna ile. Baridi ya Scotland ilimshtua, maana nguo zake zilikuwa za jua la Texas. Magazeti yakaandika kwamba Babe anatetemeka, na watu wa kule, ambao nguo zenyewe walikuwa wanagawiwa kwa kuponi baada ya vita, wakaanza kumletea vifurushi hotelini. Masweta, makoti, suruali. Akachagua vitu vichache, mojawapo suruali nzito ya kodrai, na nyingine akaomba zirudishwe kwa wenyewe kwa shukrani. Akashinda ndani ya suruali ile ya msaada.

Meli iliporudi New York, George hakungoja gatini. Alipanda tagi pamoja na kundi la waandishi wa habari akaifuata meli majini. Kisha wakaenda Denver, ambako wakati huo walikuwa na nyumba, na mji ukawapokea kwa maandamano na ufunguo wa heshima wenye uzito wa pauni 250, yaani kilo 113. Ufunguo mzito kuliko George alipooa! Na nyumba yenyewe ya Denver, ambayo ufunguo wake ulitosha mfukoni, waliiishi kwa vipande vya siku.

Maana baada ya hapo milango ilifunguka yote. Agosti 1947 Babe alirudi kuwa mchezaji wa kulipwa, na George, aliyekwisha kuacha ulingo polepole ili asimamie mambo ya mkewe, akawa mmoja wa waliokaa vikao vilivyozaa chama cha wanawake wa gofu, LPGA. Chama kiliundwa 1950 na wanawake 13, Babe akiwa mmoja wao. Akalichukua taji la wazi la wanawake wa Marekani 1948 na tena 1950.

Hapa ndipo naona nyumba ilipoanza kuingia ufa, na sioni kuwa ni kosa la mmoja. George alikuwa mtu wa mazoezi ya kila siku, na mwili uliozoea ulingo ukikalishwa kitini haujui kupunguza sahani. Alikuwa mpenda chakula. Akavuka kilo 136 na kuendelea kupanda. Akafungua biashara hii na ile, akaenda na kurudi. Alikuwa ameiacha kazi yake kwa ajili ya kazi ya mkewe, na sasa mkewe alikuwa safarini pamoja na ile kazi, yeye kabaki na simu na mikataba. Waume wachache wamewahi kusimama pale. Wake wengi wanapajua sana.

Babe naye alichoka kulala hotelini. Katika maneno yake yote ya miaka ile linarudi lile lile: nyumba. Miaka ile ile walinunua uwanja wa gofu Tampa, Florida, na wakaligeuza jengo dogo la pale pale uwanjani kuwa makazi. Hilo, kwa watu wengine, lingekuwa kama mwalimu kuhamia darasani. Kwao lilikuwa suluhisho la busara. Kama kazi haitaki kutoka nyumbani, basi nyumba ihamie kazini, ili mke akirudi kutoka safarini atoke mlangoni akanyage majani anayoyapenda.

Wakati huo alikuwa ameingia katika nyumba hiyo mtu wa tatu. Betty Dodd, binti mchezaji gofu wa San Antonio, alikutana na Babe 1950 akiwa hajafika miaka ishirini. Alipiga gitaa, Babe akapiga kinanda cha mdomo, wakawa hawaachani, na baadaye akahamia kwao kabisa. Walioandika maisha ya Babe, wakitegemea masimulizi ya Betty mwenyewe, wanasema ndoa ilikuwa na maumivu ambayo kitabu alichoandika Babe kuhusu maisha yake hakikuyataja. Wamesema pia kwamba mapenzi ya wanawake hao wawili yalikuwa makubwa kuliko urafiki wa kawaida. Mimi siandiki kumhukumu yeyote katika watatu hao. Ninaangalia nani alikaa.

Aprili 1953 Babe alishinda mashindano ya Beaumont, mashindano yenye jina lake mwenyewe, kwa mpigo mmoja. Alikuwa amechoka mchoko usioeleweka. Siku chache baadaye madaktari wakamwambia ana saratani ya utumbo mpana. Walimfanyia upasuaji mji ule ule wa michongoma, wakakata sehemu yenye ugonjwa na kumtengenezea njia mpya ya haja kubwa upande wa tumbo, yenye mfuko. Fimbo zake za gofu aliagiza ziwekwe kwenye kona ya chumba cha hospitali, azione.

Madaktari walikuwa wameona jambo jingine. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye tezi za limfu. Waliwaambia George na Betty, hawakumwambia mgonjwa, na hao wawili wakakubaliana kunyamaza. Hapo ndipo ninapomfikiria sana George. Mwanamume aliyetajirika kwa kulia mbele ya maelfu ya watu, machozi yake yakiwa biashara, sasa alipaswa kuingia chumba kimoja kidogo, mbele ya mtu mmoja, na uso mkavu. Mapambano yote aliyowahi kupigana yalikuwa yamepangwa mwisho wake. Hili nalo alijua litakavyokwisha, na kazi yake ilikuwa kutomwambia mwenzake.

Kazi ya mikono aliifanya Betty. Alilala kwenye kitanda cha kukunja pembeni mwa Babe hospitalini. Nyumbani, alimsaidia usafi wa ile njia ya tumboni, kazi ya kila siku yenye maji, mpira na subira, ambayo George hakuiweza. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Nimewaona watu wakubwa wa miili wakishindwa kutazama kidonda cha mtu wao, na nimejifunza kutopima mapenzi kwa kipimo hicho. Lakini ukweli wa nyumba lazima usemwe: George alijua kupanga, kupiga simu, kulipa, kupokea wageni na kusimama mlangoni. Kuosha kidonda hakujua. Betty alijua, na akafanya kwa miaka mitatu, wakati yeye mwenyewe ni mchezaji kijana aliyekuwa na mashindano yake ya kucheza.

Wiki 14 baada ya upasuaji Babe alirudi uwanjani. Mwaka 1954, kwenye uwanja wa Salem Country Club huko Peabody, Massachusetts, alilichukua tena taji la wazi la Marekani kwa tofauti ya mipigo 12. Siku ya mwisho mashimo yalikuwa 36, chini ya jua, mfuko ukiwa kiunoni chini ya sketi. Alikuwa amekwisha kuutangaza ugonjwa wake hadharani, wakati ambapo watu walilitaja neno saratani kwa kunong'ona, na barua za wagonjwa zilikuja nyumbani kwao kwa mafungu.

Miezi ya mwanzo ya 1955 bado alikuwa anashinda. Kisha likatokea jambo dogo la barabarani, la aina inayompata kila mwenye gari. Alikuwa amekwenda pwani ya Texas, Padre Island, kupumzika na Betty. Gari likazama kwenye mchanga. Mtu mwingine angengoja msaada. Babe alichukua koleo, akainama, akachimba tairi mpaka zikatoka. Mgongo ukauma. Ukauma siku iliyofuata na ile ya baada yake. Walimpasua diski ya uti wa mgongo, maumivu yakabaki pale pale, na walipotafuta zaidi wakakuta saratani imerudi.

Mwaka huo huo nyumba ikakamilika. Si lile jengo dogo la uwanjani, bali nyumba ya kweli, waliyoipanga wenyewe kando ya bwawa pale pale Tampa. Waliiita Rainbow Manor, jumba la upinde wa mvua. Baada ya miaka 17 ya masanduku, sebule za wenzao, hoteli na meli, ilikuwepo. Babe aliilala kati ya hospitali moja na nyingine.

Krismasi ya 1955 ilimkuta Fort Worth, kwa marafiki waliokuwa kama wazazi kwake. Siku moja aliomba wamtoe kwa gari wampeleke kwenye uwanja wa gofu wa Colonial. Alikuwa katika pajama na joho la nyumbani, hawezi kusimama vizuri. Alishuka, akatembea taratibu mpaka kwenye majani yaliyokatwa chini kabisa, yale yanayozunguka shimo, akapiga goti na kuweka kiganja chake juu ya majani. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akaomba warudi.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa Galveston, hospitalini, fimbo zimesimama tena kwenye kona. Alifariki alfajiri ya Septemba 27, 1956, akiwa na miaka 45. George aliishi hadi 1984. Uwanja wa Tampa sasa ni mali ya mji, unaitwa kwa jina la Babe, na watu wanacheza pale kila siku. Nyumba ya kando ya bwawa ilibaki Florida. Mwenyewe walimrudisha Texas, wakamzika Beaumont.